Kabla ya Nyutro

Toyota Corolla ya aina ya stesheni wagoni imesimama kwenye njia ya mchanga nyuma ya soko la Kismayu, pua yake karibu iguse ukuta wa ghala. Betri imekufa. Ufunguo ulipozungushwa taa za dashibodi hazikuwaka, stata haikugonga hata mara moja. Nyuma yake lori la saruji linataka kupita, na dereva wa lori ameshapiga honi mpaka amechoka. Sasa amekaa kwenye kivuli cha gari lake anakunywa chai. Mkono wa gia wa Corolla uko kwenye P na hautoki hapo. Gari hili lingekuwa la gia za mkono, vijana watatu wangelishalisukuma kando zamani. Lakini ni la otomatiki, na mpaka mtu alitie nyutro halitakwenda popote.

Fundi amekuja kwa miguu, mfuko wa turubai begani. Ndani mna bisibisi bapa mbili, koleo, spana namba kumi, brashi ya waya, mita ya kupimia umeme, nyaya mbili nene za kubustia, na kitambaa. Ni Mbajuni wa makamo, wazee wake ni wavuvi wa kisiwa cha Koyama. Ufundi alianza kuokota Mombasa, miaka ya 1990, wakati Wabajuni wengi waliokimbia vita walipokuwa wamehifadhiwa kambi ya Jomvu. Riziki yake ya kwanza mpaka leo ni mashine za mashua. Magari humjia zaidi miezi ya kusi, bahari inapochafuka na vyombo vingi vikapandishwa pwani.

Mwenye Corolla ni kijana wa Kisomali aliyekulia kambini Dadaab, nchini Kenya. Alirudi na familia yake wakati maelfu ya wakimbizi walipokuwa wakirejea Kismayu, na Kiswahili alirudi nacho. Amekwishafungua mlango na kukamata mkono wa gia.

"Adeer, huu hapa. Umekwama."

"Nimeuona, mwanangu. Uache kwanza."

Fundi haangalii gia. Anatazama ardhi. Anazunguka gari polepole, anapiga magoti kwenye kila gurudumu, kisha anaomba chupa ya maji. Anaimwaga ibaki nusu, anaifunga, anailaza kwenye kizingiti cha chuma chini ya mlango wa dereva, na kusubiri maji yatulie. Maji yanakimbilia upande wa nyuma. Kwa macho njia hii ilionekana tambarare kabisa. Ukuta mrefu na mchanga uliochimbwachimbwa na magurudumu vinadanganya. Chupa inasema gari limeegemea nyuma, kuelekea lori na yule mtu anayekunywa chai.

Hapo kazi inabadilika. Gari lililoegemea upande, likiachiwa, litakwenda upande huo, na kulitia nyutro ndiko kuliachia kwenyewe. Wapo wanaosema hii ni kazi ya sekunde kumi: bonyeza hapa, vuta pale, kwisha. Sekunde kumi hizo ni kweli. Wanachokiruka ni nusu saa inayozitangulia, na ndani ya nusu saa hiyo ndimo ufundi ulimo.

Anatafuta mawe. Kismayu ni mji wa mawe ya matumbawe, na ukuta uliobomoka hauko mbali. La kwanza analoliokota limelainika kwa kukanyagwa. Analipima kwa kiganja na kulitupa. La pili lina meno. Analiweka chini, analikanyaga kwa uzito wake wote, analizungusha kwa kisigino, halitelezi. Anapata jingine mfano wake. Nyuma ya kila gurudumu la nyuma anachimba mchanga kwa mkono mpaka akute ardhi ngumu, ndipo analaza jiwe. Jiwe lililowekwa juu ya mchanga laini, anasema bila kuinua macho, husukumwa na gari kama si kitu. Anayaacha mawe yote mawili upana wa vidole viwili mbali na mpira. Kijana anauliza kwa nini asiyabane kabisa. "Tutalisogeza kidogo. Subiri."

Ili kuelewa ule upana wa vidole viwili, ni lazima kujua P ni nini. Si gia. Ndani ya gia boksi kuna gurudumu la meno lililoungana moja kwa moja na shafti inayoendesha magurudumu ya gari. Mkono ukipelekwa P, kipande cha chuma chenye jino huangukia katikati ya meno hayo na kuyazuia. Ni hicho tu. Kwenye Corolla hii inayovutwa na magurudumu ya mbele, ni magurudumu ya mbele pekee yanayozuiwa hivyo. Ya nyuma hayana habari. Na kijana, kama madereva wengi wa otomatiki, aliegesha kwa kutia P akashuka. Breki ya mkono hakuivuta. Kwa hiyo uzito wote wa gari, tangu jana usiku, umelala juu ya lile jino moja. Jino limebanwa kati ya meno kwa nguvu ambayo hata kufuli la mkono wa gia likifunguliwa, mkono utagoma, na ukivutwa kwa hasira utatoka kwa mshindo unaosikika mpaka ndani ya mifupa. Mafundi wengi nimewaona wakiuvuta hivyo hivyo.

Yeye anauondoa uzito kwanza. Anawaita kwa Kisomali vijana wawili waliosimama kwenye kibaraza. "Waryaa, kaalaya!" Anawapanga nyuma ya gari, lakini si popote: anawaonyesha ukingo wa chuma chini ya kioo, anawakataza kushika taa na bampa la plastiki. Lori limeshasogezwa nyuma, kwa ombi lake, urefu wa gari zima. Yeye mwenyewe anaingia kwenye kiti cha dereva, kulia, maana gari limetoka Japani likiwa na usukani kulia na halikubadilishwa, ingawa Somalia watu huendesha upande wa kulia wa barabara. Mkono wake wa kushoto uko juu ya breki ya mkono.

"Taratibu. Msilitupe, libebeni tu."

Wanasukuma. Gari linapanda kiasi cha kiganja, na ndani ya chuma kinasikika kitu kikilegea, mlio mfupi na mzito. Hapo hapo anavuta breki ya mkono, meno yake yakilia moja baada ya jingine mpaka mwisho. "Achieni, kidogo kidogo." Vijana wanaachia. Gari linarudi nywele moja na kushikwa. Fundi anatikisa kichwa, hakuridhika. Breki imekubali gari lirudi zaidi ya alivyotaka. Wanarudia. Safari hii anawaacha walishikilie huku akiivuta mara mbili, na gari likibaki palepale anashuka, anayasukuma mawe mpaka yaume mpira, na kuyagonga kwa kisigino. Sasa uzito uko kwenye breki ya mkono na mawe. Lile jino ndani ya gia boksi halibebi kitu.

Bado hajagusa mkono wa gia.

Kinachofuata ni usukani. Kijana, alipokuwa akihangaika asubuhi, aliuzungusha bila ufunguo, nao ukajifunga. Ufunguo sasa unaingia lakini hauzunguki. Wengine huushika kwa koleo, na ufunguo hukatikia ndani. Fundi anaukamata usukani kwa mkono mmoja na kuuyumbisha kulia na kushoto, mwendo mdogo sana, huku vidole viwili vya mkono mwingine vikiusukuma ufunguo bila nguvu. Anasubiri pale ambapo kigingi cha kufuli hakibanwi na upande wowote. Kinapolegea, ufunguo unazunguka wenyewe hadi nafasi ya kwanza. Usukani uko huru. Hapaswi kwenda mbele ya hapo; umeme hakuna, na hahitaji.

Linabaki kufuli la gia lenyewe. Hili halina uhusiano na lile jino la ndani. Liko juu, kwenye kitako cha mkono wa gia, chini ya plastiki: pini ndogo inayozuia mkono kutoka P, na pembeni yake koili ya umeme. Dereva akikanyaga breki, swichi ya pedali hupeleka umeme kwenye koili, pini huvutwa, gia hutoka. Mlio mdogo unaosikika mguu ukigusa breki gia ikiwa kwenye P, ambao hakuna dereva anayeutilia maanani, ndio huo. Betri ikifa mlio hupotea, na pini hubaki ilipo.

Kufuli hili lilienea kwa sababu ya sakata lililotokea Marekani. Mwaka 1986 kipindi cha televisheni cha 60 Minutes kiliwaonyesha watu waliosema magari yao ya Audi 5000 yalichomoka yenyewe. Mwaka 1989 wachunguzi wa serikali ya huko walihitimisha kwamba sababu kubwa ilikuwa madereva kukanyaga mafuta wakidhani wanakanyaga breki. Wakati huo Audi walikwishaanza kuweka kifaa kinachokataza gia kutoka P mpaka mguu uwe juu ya breki, na watengenezaji wengine wakafuata. Tangu Septemba 2010 sheria ya Marekani inalitaka kufuli hilo kwenye kila gari jipya dogo la otomatiki. Ndivyo woga wa watu wa mbali ulivyofika kwenye njia ya mchanga ya Kismayu, ndani ya gari lililotumika. Waliolibuni walijua siku moja umeme utakosekana, wakaacha mlango wa nyuma.

Mlango huo ni kifuniko cha plastiki, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kando ya mkono wa gia. Magari mengine ya Toyota yana kitufe kilicho wazi, kimeandikwa kabisa. Mengine hukificha hivi, na mwenye gari anaweza kuliendesha miaka kumi asikione. Fundi anafuta vumbi kwa kidole hadi mpaka wa kifuniko uonekane. Anaifunga ncha ya bisibisi kwa pembe ya kitambaa, anaiingiza kwenye ukingo wenye nafasi, na badala ya kubandua anaisokota tu. Kifuniko kinaruka kiganjani mwake. Anakitia mfuko wa shati, si kwenye kiti, si kwenye dashibodi. Vifuniko hivi hupotea kila mara, na shimo likibaki wazi mchanga huingia ukakwamisha pini.

Anamwita kijana akae mahali pake. "Kanyaga breki. Sasa tena. Tena." Mara ya kwanza pedali inashuka kwa ulaini, ya pili ngumu kidogo, ya tatu ni ngumu kama ukuta. Injini ikizimika, msaada wa breki hubaki na pumzi chache tu, na kijana amezimaliza. Fundi alitaka azimalize hapa, gari likiwa limefungwa kwa mawe, apate kuizoea pedali ngumu kabla haijamfia katikati ya mwendo. "Hii ndiyo breki yako leo. Haikukataa, inataka mguu. Usiuondoe."

Sasa bisibisi nyembamba inaingia kwenye shimo, wima. Anaishusha mpaka ikutane na kitu kinachonepa. Mkono wa kulia umebonyeza hapo na kubaki hapo. Wa kushoto unafumba juu ya mkono wa gia, kidole gumba kwenye kitufe chake cha pembeni. Hausukumi kwanza. Anaubembeleza, anasikiliza kwa kiganja. Kisha mkono unatoka P bila sauti yoyote, unapita R, unatulia kwenye N. Taa ya dashibodi inayoonyesha herufi haiwaki, kwa hiyo anainama kuisoma herufi yenyewe iliyochorwa kando ya njia ya gia, na kuutikisa mkono mbele na nyuma kujiridhisha kwamba umekaa mahali pake na haukusimama baina ya herufi mbili. Anachomoa bisibisi.

Zile sekunde kumi zimekwisha.

Nilimuuliza utaratibu huu wa kufunga kabla ya kufungua aliupata kwa nani. Alijibu kwamba mashine ya mashua, Yamaha ya kuvuta kwa kamba, haikubali kuwashwa ikiwa kwenye gia. Ukitaka moto lazima uitie nyutro. Na baharini, akasema, ukiitia nyutro kwenye mlango baina ya visiwa, mashua si yako tena, ni ya mkondo. Kwa hiyo mtu hutazama maji kwanza, na nanga huwa karibu na mkono. Alisema hivyo akielekea kwenye mawe, kazi ikiendelea.

Mahali pa kulipeleka gari pameshachaguliwa: uwazi mbele ya duka lililofungwa, nyuma kidogo na kushoto, ardhi imekaa sawa. Fundi amepapima pia kwa chupa. Anawaondoa vijana waliokuwa nyuma ya gari. Wanashangaa, maana walidhani sasa ndiyo zamu yao. "Nyuma ya gari asikae mtu. Litashuka lenyewe." Anawaweka mbele, kwenye pembe za pua, wawe tayari kulisukuma likisita. Yeye anatoa jiwe la upande wa kushoto, kisha la kulia, na hili la kulia halitupi. Analibeba mkononi, anasimama kando ya mlango wa dereva, mkono mwingine juu ya nguzo ya dirisha.

"Shusha breki ya mkono. Mguu hapo hapo. Haya, uachie unyoya mmoja."

Gari linaanza kushuka. Mwendo wake ni wa mtu anayetembea baada ya kula. Fundi anatembea sambamba nalo, jiwe likining'inia usawa wa goti, karibu na gurudumu, na macho yake hayako barabarani bali kwenye mguu wa kijana. Usukani bila injini ni mzito. Kijana anauvuta kwa mikono miwili, anataka kusahau breki, na fundi anasema neno moja, "Mguu," na gari linasimama. Wanaanza tena. Nyuma inaingia kwenye uwazi, pua inaifuata, gurudumu la mwisho linavuka ukingo wa mchanga kwa msukumo mdogo wa vijana. Breki ya mkono. Jiwe chini ya gurudumu. Mkono wa gia kurudi P, ambako hauhitaji ruhusa ya umeme. Lori linapita likiacha vumbi la saruji, na dereva wake hasemi asante.

Vijana sasa wanataka kulisukuma liwake. Fundi anacheka. Gari la gia za mkono huwashwa hivyo, kwa gia ya pili na klachi. La otomatiki halikubali. Pampu ya mafuta ya gia boksi huendeshwa na injini, na injini ikiwa imelala hakuna shinikizo la kuiunganisha na magurudumu. Kwa sababu hiyo hiyo anamwonya kijana asikubali gari hili kuvutwa safari ndefu magurudumu ya mbele yakizunguka chini: hatua hizi chache ni salama, lakini maili nyingi ni kuisaga gia boksi ikiwa kavu.

Mwenye lori la pili lililofuata alijitolea kutoa betri zake, na hapa palikuwa na hatari ambayo mimi nisingeiona. Malori makubwa hutumia volti 24. Corolla ni ya volti 12. Fundi alishukuru na kukataa, akasubiri pikapu. Ilipokuja aliunga nyaya kwa mpangilio usiobadilika: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, nyekundu kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho wa nyeusi kwenye chuma cha injini ya Corolla, mbali na betri, ili cheche isikutane na hewa inayotoka ndani yake. Pikapu ikaachwa ikinguruma. Hakumruhusu kijana ajaribu mapema. Alitumia muda huo kusugua vichwa vya betri, vilivyoota ukungu wa kijani kwa chumvi ya bahari na tindikali, kwa brashi na maji ya moto yenye magadi. Injini iliwaka mara ya kwanza. Mita ikasoma volti 14 na ushei: jenereta ni nzima. Akainua uso akaonyesha taa ya ndani, juu ya kioo. Swichi yake ilikuwa imeachwa imewashwa.

Kifuniko kilitoka mfuko wa shati na kurudi mahali pake kwa msukumo wa kidole gumba. Kijana alifungua pochi. Fundi hakuipokea pesa. Alizima injini, akachomoa ufunguo, akamkabidhi pamoja na bisibisi nyembamba.

"Chukulia betri imekufa tena. Nionyeshe."

Kijana aliingia, akainama moja kwa moja kwenye kifuniko. Fundi alikohoa. Kijana akatulia, akafikiri, akaiweka bisibisi kwenye kiti, akashuka. Alitazama ardhi kwa muda. Aliomba chupa. Kisha akaenda kwenye ukuta uliobomoka na kurudi na jiwe jeupe, zuri, lililolainika pande zote. Fundi alilisukuma pembeni kwa ncha ya kiatu na kuendelea kukunja nyaya zake, akisubiri aende akalete jingine.